Lugha Hurejeshwa na Wenyewe

Ukoloni haukuridhika na kupora ardhi peke yake. Ili mtawaliwa aukubali unyonge wake, ilibidi anyang'anywe lugha pia, maana ndimo watu wanamohifadhi historia na heshima yao. Tuuchukue mfano wa Wamaori wa Nyuzilandi.

Katika miaka ya 1860 serikali ya walowezi iliwapora Wamaori maeneo makubwa ya ardhi kwa vita. Sheria ya shule ya mwaka 1867 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kuwafundishia watoto wao, na wengi waliadhibiwa kwa kusema Kimaori shuleni. Baada ya 1945 Wamaori wengi walihamia mijini kutafuta kazi. Huko wazazi wakaacha kuwarithisha watoto lugha isiyowapatia ajira. Hivyo uchumi ulikamilisha kazi iliyoanzwa na fimbo.

Mapambano ya kuirudisha yalianzwa na umma. Mwaka 1972 watu zaidi ya 30,000 walitia sahihi ombi la kutaka Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 ilifunguliwa Kohanga Reo ya kwanza, yaani kiota cha lugha, ambamo wazee huwalea watoto wadogo kwa Kimaori. Sheria ya kukifanya lugha rasmi ilifuata mwaka 1987, viota vikiwa vimekwisha kuenea nchini.

Funzo kwa makada ni hili: sheria ni silaha ya lazima, lakini hailei mtoto. Kwa hiyo kila harakati ya utamaduni tuipime kwa maswali mawili. Je, umma wenyewe umeshika hatamu? Na je, lugha hiyo inampa mwananchi elimu na riziki?