Kabla ya Kulipa, Iwashe kwa Flashi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 huzikataa laptopu nyingi ambazo prosesa zake za Intel ni za kabla ya kizazi cha nane. Mashine za mwaka 2016 na 2017, nzima kabisa, ofisi za Ulaya hazizitaki tena. Kwa mkazi wa Kambove, Katanga, anayeshuka Likasi au Lubumbashi kutafuta mashine ya kuwekea Linux, hizo ndizo za kutazama kwanza. Iliyotoka kiwandani juzi ina mashaka zaidi, maana keneli, yaani kiini cha Linux, huenda haijazijua chipu zake.

Muuzaji atakwambia: “Yaya, hii ni Core i7!” Mwitikie, kisha muulize habari za Wi-Fi.

Kwenye Linux draiva nyingi, yaani programu za kuendesha chipu, zimo ndani ya keneli yenyewe. Chipu ikiwa na draiva humo, inafanya kazi siku ya kwanza bila kupakua chochote. Isipokuwa nayo, itabidi utafute msimbo wake mtandaoni, uujenge mwenyewe, na pengine uujenge upya kila keneli inapobadilika. Mtu mwenye intaneti ya kutosha huimaliza kazi hiyo jioni moja. Anayenunua megabaiti kwa simu hukwama mlangoni: Wi-Fi haiwaki mpaka apate draiva, na draiva iko mtandaoni.

Kwa hiyo ijue kampuni iliyotengeneza chipu. Intel haina maneno. Atheros za zamani pia ni nzuri. Broadcom, ambazo zimo kwenye MacBook nyingi za zamani, mara nyingi hudai draiva ya kampuni yenyewe. Realtek ni bahati nasibu: RTL8821CE iliuzwa kwenye laptopu za bei nafuu kwa muda mrefu kabla keneli haijaitambua. Hata Intel huhitaji programu ndogo ya kupakiwa ndani ya chipu, na Debian ilikuwa haiziweki programu hizo kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12, Juni 2023. Rafiki akikupa diski ya Debian ya zamani, mshukuru na uiweke kabatini.

Njia ya kujua ni kwenda dukani na flashi iliyokwisha kuandikwa Linux Mint au Debian ya kujaribia. Kwa Lenovo na Dell nyingi, bonyeza F12 wakati wa kuwasha; kwa HP, F9. Mashine ikiamka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yake, fungua dirisha la amri uandike lspci -nnk. Itamwaga mistari mingi. Tafuta ule wenye maneno “Network controller”. Karibu na mwisho wake kuna namba kwenye mabano, mfano 8086:24fd. Nusu ya kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Chini yake yapaswa kuwepo “Kernel driver in use”, kisha jina. Kwa Intel hii litakuwa iwlwifi. Mstari huo usipokuwepo, chipu haina wa kuiendesha. Ukiwa hapo jaribu pia sauti na kamera, na ufunge kifuniko dakika mbili uone kama mashine itaamka.

Mashine ikidai nenosiri la BIOS ambalo muuzaji halijui, ondoka. Zilizotoka kwenye makampuni hufungwa hivyo, na punguzo la bei halifungui kufuli. Lakini diski isipoonekana, usikate tamaa: mara nyingi BIOS imewekwa kwenye RAID au RST, na kuibadilisha kuwa AHCI kunatosha.

Umeme wa kwetu unaifanya betri kuwa swali la pili. Hapa nina upendeleo, na siufichi: ThinkPad T470 ya mwaka 2017. Windows 11 haiitaki rasmi, Wi-Fi yake kwa kawaida ni ya Intel, RAM inaongezeka, na ina betri mbili. Ya ndani inaishikilia mashine wakati unachomoa ya nyuma na kuweka nyingine iliyojaa, bila kuzima kitu. Ila pima betri kabla ya kusifia: katika folda ya /sys/class/power_supply/BAT0, linganisha energy_full na energy_full_design. Ya kwanza ikiwa nusu ya ya pili, betri imekwisha kuzeeka.

Kadi za NVIDIA waachie wachezaji wa magemu. Chipu za picha za Intel na AMD hazisumbui. MacBook za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2 zipishe. Kibodi si tatizo, ila jua kwamba AZERTY ya Ubelgiji si ya Ufaransa: alama ya @ iko kwenye kitufe cha 2, si cha 0. Chagua mpangilio sahihi wakati wa kusakinisha.

Na Wi-Fi ikigoma licha ya yote, simu ya Android ikiunganishwa kwa kebo ya USB na kuruhusiwa kugawa intaneti huonekana kwenye Linux kama kadi ya mtandao, karibu kila mara bila draiva ya ziada.

Printa ndizo zenye hila. Canon LBP nyingi za zamani huzungumza lugha iitwayo CAPT, na kuzipatanisha na Linux ni mateso. HP LaserJet P1102 inakubali, lakini hudai kipande cha programu kutoka mtandaoni. Kwa printa za miaka ya karibuni, tafuta neno AirPrint kwenye boksi. Liliwekwa kwa ajili ya wenye iPhone, lakini printa yenye neno hilo Linux za sasa huichapia bila draiva yoyote.