Uaminifu Hauogopi Daftari

Mama wa Mgeta anaposhusha kabichi na njegere kutoka milima ya Uluguru hadi sokoni Morogoro, fedha anayorudi nayo tayari ina kazi zake: ada ya mtoto, dawa, mafuta ya taa, chumvi. Je, mtu akimwomba amkabidhi fedha hiyo aizalishe, ampime kwa kipimo gani? Wengi wetu humpima mtu kwa upole wake na kwa maombi yake. Kipimo hicho hakitoshi.

Tukumbuke DECI. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2009 taasisi hiyo, ambayo miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji, ilikusanya fedha za Watanzania wengi. Fedha iliitwa "mbegu". Mtu "alipanda", kisha akangoja "kuvuna" zaidi ya alichopanda. Lakini shamba halikuwapo! Fedha za waliokuja leo ndizo zilizowalipa waliotangulia jana. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, wengi walikuwa bado hawajavuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wanne.

Huo haukuwa upatu wetu wa kupokezana. Akina mama kumi wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, anayepokea hupata 50,000, na kila mtu anajua zimetoka wapi. Kule hakuna aliyeonyeshwa hesabu. Na mama aliyepanda kwa siri alipoteza mara mbili: fedha, na amani na mumewe.

Sisi wauguzi tunapopokezana zamu, dawa kali za maumivu huhesabiwa na watu wawili, na wote wawili hutia sahihi. Hakuna anayenung'unika, "Dada, kwani huniamini?" Kuhesabiwa si kutukanwa. Hata Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, alipeleka mchango kwa mikono ya ndugu kadhaa, ili asiwepo wa kumlaumu.

Basi, akina mama wenzangu, katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tuzingatie haya:

1. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu, ambao si mtunza sanduku.
2. Fedha zihesabiwe mbele ya wote, kila mkutano.
3. Kiongozi akope kwa utaratibu uleule wa wanachama.
4. Kikundi kisajiliwe, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka.
5. Anayeahidi faida kubwa aeleze inatokana na kazi gani. Akijibu kwa mahubiri, funga mkoba wako.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtakapokutana tena, mwombeni mweka hazina asome daftari kwa sauti. Na kama mweka hazina ni wewe, lisome kabla hujaombwa.