Upelelezi na kitisho katika filamu ya Pupi Avati

Katika Kiitalia, neno giallo lina maana ya kwanza ya rangi ya manjano. Lakini Mwitalia akisema kwamba jana usiku alisoma giallo, wasikilizaji wake hufahamu mara moja kuwa alisoma kisa cha uhalifu. Maana hii ya pili ina historia fupi. Mwaka 1929 kampuni ya uchapishaji ya Mondadori, mjini Milano, ilianza kutoa mfululizo wa riwaya za upelelezi zenye jalada la manjano. Rangi ya jalada ikawa jina la yaliyomo ndani. Hiyo ndiyo metonimia: kitu kutajwa kwa jina la kingine kinachoambatana nacho.

Neno likaendelea na safari yake hadi kwenye sinema. Mario Bava, kwa filamu yake La ragazza che sapeva troppo ya mwaka 1963, huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa giallo ya sinema, na Dario Argento akaieneza duniani kuanzia mwaka 1970. Nje ya Italia neno hilo likapata maana finyu zaidi: filamu ya Kiitalia inayochanganya upelelezi na kitisho.

Mchanganyiko huo una tatizo ndani yake. Upelelezi huahidi kwamba akili ya mtu italishinda giza. Kitisho hudai kwamba giza ni kubwa kuliko akili. Je, filamu moja huwezaje kuzibeba kauli hizo mbili? Jibu zuri linapatikana katika filamu isiyojulikana sana nje ya Italia: La casa dalle finestre che ridono, yaani “Nyumba yenye madirisha yanayocheka”, iliyoongozwa na Pupi Avati mwaka 1976.

Stefano, anayeigizwa na Lino Capolicchio, ni fundi wa kurudishia uzima michoro ya kale. Anaitwa katika kijiji kimoja cha mabwawa, kwenye uwanda wa mto Po, ili atengeneze mchoro wa ukutani kanisani, unaoonyesha mateso ya Mtakatifu Sebastiano. Aliyeuchora ni Buono Legnani, ambaye watu wanasema amekwisha kufa. Legnani alisifika kwa kuwachora watu wakiwa katika kukata roho. Rafiki wa Stefano, anayetaka kumfunulia siri fulani, anaanguka kutoka dirishani na kufa. Wanakijiji wanasema kwamba amejiua. Stefano mwenyewe anapigiwa simu za kumtaka aondoke.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kazi ya fundi na kazi ya mpelelezi zimefanywa kuwa kazi moja. Stefano hana bastola wala kitambulisho cha polisi. Ana brashi na dawa za kusafishia rangi. Anapoendelea kusafisha ukuta, nyuso za wanawake wawili zinatokea kando ya mtakatifu, na hao ni dada za mchoraji, walioshirikiana naye katika ukatili. Hivyo ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya waumini wote kwa miaka mingi, kanisani, mahali pa hadhara.

Jambo la pili ni kimya. Wanakijiji husema maneno nusunusu, hubadilisha mazungumzo, huaga mapema. Dereva mlevi Coppola, anayeanza kusema kweli, anaangamia. Kwa mwanafunzi wa isimu, hapa pana somo kubwa: kunyamaza nako ni tendo la lugha, lenye msemaji, msikilizaji na kusudi. Katika filamu hii wauaji ni wachache, lakini kimya ni cha kijiji kizima, na bila kimya hicho wauaji wasingedumu.

Jambo la tatu ni mwanga. Kitisho cha kawaida hutafuta ngome na usiku wa manane. Avati, mzaliwa wa Bologna, amekiweka kitisho chake katika nchi tambarare, mara nyingi mchana kweupe, penye maji yaliyotulia na nyumba chache. Mtazamaji anaona mbali, lakini haoni kinachomkaribia.

Mwishoni inafichuka kwamba padri wa kanisa lile, ambaye Stefano anamkimbilia, ni mmoja wa wale dada wawili. Avati amesimulia kwamba utotoni alisikia habari za kaburi la padri lililofunguliwa, na mabaki yakaonekana kuwa ya mwanamke. Hadithi ya kando ya moto ikawa fundo la filamu.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili watakumbuka Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Humo pia kifo kinazungukwa na hofu ya mambo yasiyoonekana, lakini Bwana Msa anafika, anauliza, anapima, na mwishowe mkosaji ni binadamu anayeshikika. Kujua kunaondoa hofu. Kwa Avati, mkosaji naye ni binadamu, wala hakuna mzimu wowote. Ila kila anachokijua Stefano kinamwongezea hatari. Hapo ndipo upelelezi na kitisho vinapokutana bila kugombana: akili inashinda fumbo, na mwenye akili hapati usalama.

Linabaki suala la istilahi. Kutafsiri giallo kwa “filamu ya manjano” kungekuwa kosa, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hana kumbukumbu ya majalada yale, na metonimia haihami bila kumbukumbu yake. “Filamu ya upelelezi na kitisho” ni ndefu, lakini inaeleweka. “Jalo” ni fupi, lakini inahitaji kufafanuliwa kwanza. Katika ufundishaji inafaa kuanza na lile refu, hadi wanafunzi watakapokuwa wameona filamu za kutosha kulistahili lile fupi.