Chizi wa stendi naye ana mama

UKIPITA stendi ya mabasi Arusha asubuhi ya Julai, baridi ya Meru ikiuma masikio, utamwona. Amevaa makoti mawili, nywele zimeshikamana, anaongea peke yake. Makondakta wamempa jina la utani. Jina alilopewa na wazazi hakuna anayelijua, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Huenda kuna nyumba Ngaramtoni, Babati au ng'ambo ya Namanga ambako anatafutwa.

Ugonjwa kama skizofrenia mara nyingi huanza mwishoni mwa balehe au katika miaka ya ishirini, kijana akiwa sekondari au chuoni. Halali, anajitenga, anasikia sauti, anashuku hata chakula cha mama yake. Nyumbani tunabishana: karogwa, ni bangi, ni mizimu. Miezi inapita. Siku moja anatoka na ndala tu, harudi. Kutoka Usa River hadi mjini mtu hufika hata kwa miguu, na basi la Dodoma halimuulizi abiria kichwa chake kikoje.

Hapo ndipo aibu hutuponza, wazazi wenzangu. Tunatafuta kimya kimya wiki nzima ili majirani wasijue. Tukienda polisi tunaficha ugonjwa, basi askari anatafuta kijana mtoro, wakati aliyepotea ni mgonjwa asiyeweza kueleza kwao ni wapi.

Usisubiri saa 24. Nenda kituoni, chukua RB, peleka picha ya karibuni (ile ya kipaimara haitasaidia). Taja ugonjwa, dawa alizoacha, kovu, jina la nyumbani, na lugha anayoikimbilia akichanganyikiwa, Kimeru au Kimaasai. Mwambie mwenyekiti wa mtaa. Ulizia Hospitali ya Mount Meru, na Mirembe kule Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoanza mwaka 1927. Uliza na mahabusu.

Halafu nenda kwa mama ntilie wa sokoni na walinzi wa usiku. Hao ndio wanaojua nani analala kibaraza kipi, tangu lini, na anakula nini.

Na wewe unayempita kila siku, acha kumrekodi video ya kuchekesha. Msalimie. Muulize anaitwa nani na kwao ni wapi. Leo atakutukana. Kesho kutwa, akiwa ametulia, anaweza kukutajia kijiji.