Fahamu: Umri wa nyayo za Laetoli ulijulikanaje?

Nyayo za Laetoli, wilayani Ngorongoro nchini Tanzania, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66. Wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: nani alikuwepo akahesabu?

Jibu limo ndani ya majivu yenyewe. Volkano ililipuka, majivu yakatanda, mvua ikayalowesha, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake. Yakakauka, yakashikamana, yakafunikwa na majivu mengine. Sasa, madini ya volkano huwa na potasiamu, na aina moja ya potasiamu hiyo huoza polepole kwa kasi isiyobadilika: nusu yake huisha kila miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hiyo hutoroka; ukishaganda, hunaswa ndani. Pima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, utapata umri.

Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilizifukua nyayo hizo kuanzia mwaka 1978. Kisigino kimezama, na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine, hakikuchepuka kama cha sokwe. Linalonishangaza mno ni hili: zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, za Lomekwi nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Kutembea wima kulitangulia. Ubongo mkubwa ulikuja baadaye sana.

Nyayo hizo zimefukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua na mizizi. Ukitaka kuona nakala yake, fika makumbusho ya Olduvai.