Je, soda isiyo na sukari itakupunguza unene?

Wagonjwa wengi wanaoambiwa wapunguze unene huanza na lililo rahisi: kubadilisha soda. Huacha ile ya kawaida na kuchukua iliyoandikwa 'zero' au 'diet'. Je, hatua hiyo husaidia?

Husaidia, lakini kwa kiasi. Chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani takriban vijiko 13 vya chai, na kalori zipatazo 200. Ile nyingine hutiwa utamu kwa kemikali kama vile aspatemu, ambayo ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi. Kiasi kidogo mno hutosha, na kalori karibu hazipo. Majaribio ya miezi michache yameonyesha kwamba waliobadilisha soda hivyo walipungua uzito kidogo.

Taabu ni kwamba kalori hizo hurudi kwa njia nyingine. Utamwona mtu ameagiza sahani ya chipsi na soseji mbili, na soda ya 'zero' kando, akiamini amejitunza. Jioni atakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Mizani haitamhurumia.

Mnamo Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitu hivi kupunguza uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Julai mwaka huo aspatemu iliwekwa katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na wengi wakaingiwa na hofu. Hata hivyo, kiwango kinachokubalika hakikubadilishwa: mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo tisa kwa siku ili kukipita. Mimi ningehofia chipsi kwanza.

Kinywaji bora ni maji. Ukishindwa kuacha soda ghafla, tumia isiyo na sukari kwa muda huku ukiipunguza.

Lakini wewe unayejidunga insulini, zingatia hili. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuona kizunguzungu, huenda sukari mwilini imeshuka. Hapo soda ya 'zero' haina kazi. Kunywa ile ya kawaida, nusu ya chupa ya mililita 300, kisha upime tena baada ya dakika 15. Waeleze jamaa zako pia, maana siku hiyo huenda ni wao watakaokimbia dukani.