Safari Fupi Milimani Majani Yageukapo Rangi

Msafiri mwenye siku chache za mapumziko, naye akatamani kuizuru Great Smoky Mountains, hifadhi ya taifa iliyoasisiwa mwaka 1934 mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina huko Marekani, hana budi kwanza kuzingatia tarehe. Kwani majani huanza kugeuka rangi vileleni, ambako baridi hutangulia, tangu mwishoni mwa Septemba, kisha rangi hiyo huteremka taratibu, hata ikatimia mabondeni baina ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba.

Kiingilio hakitozwi, ila gari litakaloegeshwa zaidi ya dakika 15 sharti lilipiwe ada. Na kwa kuwa petroli haiuzwi hifadhini, ni busara kujaza tangi mjini. Yafaa kuwahi alfajiri, tena siku za kazi, maana Oktoba wageni hufurika, hususan kwenye barabara ya mzunguko ya Cades Cove, ya kilomita 18 hivi. Nguo nzito zisisahauliwe, kwa sababu kilele cha Kuwohi, chenye kimo cha mita 2,025, huweza kuzizima ilhali bondeni jua lawaka. Ama dubu weusi, ambao wakati huo hujishughulisha kunenepa kabla ya majira ya baridi, watazamwe kwa mbali, pasi na kukaribiwa chini ya mita 46.